Muulize Fundi: Waya Umefika, Joto Linasoma Sifuri

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kidogo cha maziwa huku kaskazini mwa Tanzania. Boila yetu ni ya kampuni moja, mashine ya kuchemshia maziwa ni ya kampuni nyingine, ya kufungashia ni mtumba wa Ulaya, na kila moja ina kompyuta yake na skrini yake. Sasa bosi anataka akae ofisini azione zote sehemu moja. Nimevuta waya mpaka kwenye mashine ya kuchemshia, inajibu bila shida, ila joto linasoma 0.00 wakati kwenye skrini yake yenyewe ni 72! Waliotuuzia wanasema tununue programu yao, na bei yake siwezi hata kumtajia bosi. Nifanyeje?
Fundi wa zamu

JIBU: Pole ndugu yangu, ila usinunue kitu kwanza. Kama mashine inajibu basi waya wako hauna tatizo, hapo mmeshikana mikono ila hamjaelewana lugha.

Kwa maelezo yako nahisi unatumia Modbus, yaani lugha ya mitambo kupeana namba na kompyuta. Hii kitu ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 kwa ajili ya mitambo yao wenyewe, wakaiacha wazi, kila mtu akaichukua, ndo maana leo utaikuta kwenye boila, kwenye mita ya umeme, kwenye jenereta, kila mahali. Ubaya wake ni kwamba inabeba namba tupu. Rejista moja, yaani kisanduku kimoja cha kuwekea namba ndani ya mashine, ni biti 16, yaani namba kuanzia 0 mpaka 65535, basi, haikwambii kama hiyo ni joto au presha au idadi ya pakiti. Joto lenye desimali mara nyingi linataka biti 32 kwa hiyo mashine inalikata vipande viwili na kuviweka kwenye rejista mbili jirani, sasa kipande kipi kitangulie? Modbus haikuwahi kusema, kila kampuni ikajiamulia.

Chukua hiyo 72 yako. Kwa kompyuta inaandikwa 4290 halafu 0000 (ni maandishi ya heksadesimali, usiyasome kama namba za kawaida). Programu yako ikivisoma kinyume inapata 0000 halafu 4290, ambayo ni namba ndogo mno, haifiki hata chembe, skrini inakuandikia 0.00. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya programu, tafuta palipoandikwa swap (yaani badilisha mpangilio), geuza, uone. Ikigoma, angalia namba ya rejista, maana kitabu cha mashine kinaweza kusema 40001 wakati programu yako inahesabu kuanzia 0, ukawa unasoma nyumba ya jirani. Na ukifika kwenye boila usishtuke ukiona 850, mara nyingi ni 85.0 wameizidisha kwa kumi ili wasihangaike na desimali.

Halafu kwa vile utaunganisha na nyingine, kumbuka nyaya mbili za mawasiliano huitwa A na B, na kuna watengenezaji ambao waya wao A ndo B ya wenzao. Mimi nilishamaliza siku nzima nalaumu programu, kumbe ni kupindua nyaya mbili tu.

Hiyo ya kufungashia kama si ya zamani sana inaweza kuwa na OPC UA, lugha ya pamoja ya mashine za makampuni tofauti, na hapo una bahati. Zamani kila programu ilibidi iandikiwe kitafsiri chake kwa kila aina ya mashine, programu tano mashine kumi ni vitafsiri hamsini, nani ataviandika? Mwaka 1996 makampuni yakaanzisha OPC Foundation ili kuwe na lugha moja katikati. OPC ya kwanza iliegemea Windows, na waliowahi kuhangaika na mipangilio ya DCOM (njia ya Windows ya programu kuongea kati ya kompyuta) hawataki hata kuikumbuka. OPC UA haijali ni Windows au nini, na mashine yenyewe inaweza kukutajia kwamba hii ni joto na kipimo chake ni selsiasi. Zile za Modbus unaziwekea kiboksi cha kutafsiri katikati, bosi anaona skrini moja.

Utaniuliza kwa nini wasikubaliane tangu mwanzo. Walijaribu bwana! Walibishana miaka kuhusu waya mmoja wa viwandani, mwisho wake kiwango cha kimataifa cha IEC 61158 kikatoka kina aina 8 ndani yake, kila kampuni kubwa na yake. Unakumbuka enzi za kutuma hela mtandao mwingine, mtu anapokea meseji ya namba ya siri akatoe kwa wakala? Ndo mambo hayo hayo, mteja akiondoka kirahisi nani atanunua programu yao.

Jambo moja nakusisitiza, kompyuta ya ofisini isome tu, isiandike. Modbus ya kawaida haina nywila, yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kubadilisha 72 ikawa 60, na maziwa yanayotakiwa kukaa sekunde 15 kwenye 72 yakatoka hayajaiva vizuri. Usiiunganishe na intaneti kabisa. Na mkinunua mashine nyingine, orodha ya rejista iandikwe kwenye mkataba na mpewe kabla ya malipo ya mwisho, maana ukishalipa yote simu hazipokelewi.

SWALI: Sasa fundi. Nauzia supamaketi asali. Mfumo wao unaita chupa yangu ya nusu kilo jina moja, mimi kwa Excel naiita lingine, kila mwisho wa mwezi invoisi inarudishwa ati haijulikani. Kuna dawa?
Mfugaji nyuki, Kitui

JIBU: Achana na majina, tumieni namba iliyo chini ya baakodi, zile tarakimu 13, kwenye oda, kwenye dilivari na kwenye invoisi. Zinazotolewa na GS1 Kenya, shirika linalogawa namba hizo, zinaanza na 616 (haimaanishi asali ni ya Kenya, inaonyesha tu namba ilitolewa wapi). Nusu kilo iwe na yake, kilo iwe na yake. Na katoni ya chupa 12 nayo ipe namba yake, ukiandika ile ya chupa watakulipa chupa moja kwa katoni nzima.