Jibu: Mtoto ana miaka miwili haongei vizuri, tumkataze bibi kumwongelesha Kisukuma?

Dada, usimkataze bibi. Umesema mtoto ana miaka 2 na miezi 2, mnaishi Buhongwa hapa Mwanza, bibi yake anamwongelesha Kisukuma kutwa, wewe na baba yake mnatumia Kiswahili, na jirani kakwambia lugha mbili ndizo zinamchelewesha. Mimi nafundisha darasa la awali huku Igoma, na wanangu wote wamelelewa na mama mkwe aliyetoka Magu. Hilo la jirani nimelisikia mpaka limenichosha.

Umeandika kwamba ana maneno kama 20 tu. Ya Kiswahili peke yake, au umeweka na ya bibi? Mtoto wa lugha mbili hagawi maneno sawasawa. Vya jikoni na vya kuoga anavijua kwa lugha ya anayempikia na kumwogesha, vya kwenye gari na dukani anavijua kwa lugha ya baba. Kaa na bibi muandike yote, mjumlishe. Hata ya nusunusu yahesabiwe, maana watoto hushika kwanza mwisho wa neno, pale tunapokaza sauti: "tabu" ni kitabu, "taka" ni nataka. Mtafiti Kamil Ud Deen aliwarekodi watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili akakuta jambo hilohilo kwenye vitenzi: viambishi vya mwanzo huachwa, baadaye vinakuja. Na vinakuja bila kufundishwa. Darasani napokea watoto wa miaka 5 wanaosema "kiti hiki" na "mti huu" bila kubabaika, na ukiwauliza kwa nini si "mti hiki" wanakuangalia tu.

Kuhusu hofu kwamba lugha mbili zitamchanganya: mtafiti Fred Genesee na wenzake wa Montréal, Kanada, walichapisha mwaka 1995 utafiti wa watoto wa umri huohuo wa wako, wanaolelewa kwa Kifaransa na Kiingereza. Wengi walikuwa bado hawajafika mbali katika kuunganisha maneno, lakini tayari kila mzazi aliongeleshwa lugha yake zaidi kuliko alivyoongeleshwa mwenzake. Kwangu ilikuwa hivyo. Asubuhi bibi anapewa "mwangaluka", wakinigeukia mimi ni "shikamoo mama", na hakuna aliyewapangia. Akichanganya lugha mbili kwenye sentensi moja, mwache. Nenda Mwaloni Kirumba usikilize wauza dagaa wanavyotaja bei kwa Kiswahili na kumalizia utani kwa Kisukuma. Yupi kati yao amechelewa kuongea?

Hapa niseme la kwangu. Mimi ni mtu wa Morogoro, Kisukuma nimekikuta ukubwani. Kina irabu 7 wakati Kiswahili kina 5, halafu kina kupandisha na kushusha sauti kunakobadili maana ya neno, ambako Kiswahili hakina. Nimeishi nacho miaka, naelewa karibu kila kitu, lakini nikifungua mdomo mama mkwe anacheka mpaka anashika kiuno, na mwanangu wa mwisho ananisahihisha. Yeye anasikia tofauti ambayo sikio langu linaipita. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wachanga wa miezi 6 hadi 8 wa nyumba za Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi, lakini wanapokaribia mwaka mmoja wengi hawawezi tena, kwa sababu sikio linajipanga kwa lugha zinazolizunguka. Ukimnyamazisha bibi leo, ukija kumtaka mtoto ajifunze Kisukuma akiwa sekondari atakuwa kama mimi.

Katuni za simu, ambazo umesema mnamwekea "ili ajifunze", ndizo ningezipunguza. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani waliwapa watoto wa miezi 9 vipindi vya Kichina. Waliochezeshwa na mtu aliye mbele yao walizishika sauti zake, waliowekewa mtu huyohuyo kwenye video hawakushika. Bibi anayechambua mchicha huku akibishana na mtoto anampa kitu ambacho simu haina: anamjibu.

Ila yote haya si ya kukufanya ukae tu. Katika umri huo tunategemea mtoto aunganishe maneno mawili, kwa lugha yoyote ile, "maji mama", "baba njoo". Kama hata ukijumlisha na ya bibi hafiki hapo, anza na masikio. Mtoto anayerudiwa na usaha wa sikio anaweza kuwa anasikia nusu ya mnachosema. Hospitali ya Bugando wana kliniki ya masikio, pua na koo, ombeni apimwe usikivu. Angalia pia kama anaelewa: mwambie "niletee kiatu" bila kukinyooshea kidole. Na kama alikuwa na maneno halafu yakapotea, usisubiri mwezi uishe.

Kukatwa udata (kile kiuzi kinachoshikilia ulimi kwa chini) mtaani, kama mchangiaji wa juu alivyoshauri, hapana. Ulimi ulioshikiliwa unaweza kuharibu matamshi ya baadhi ya sauti, haumzuii mtoto kujua maneno.

Orodha mkishaimaliza na bibi, iweke hapa. Walio Ukerewe wenye watoto wa Kikerewe na Kijita ndani ya nyumba moja nao waje waseme kwao ilikuwaje.