Maswali na Majibu: Mwamba wa Migingo na maji yanayouzunguka

Wasomaji wa mialo (vituo vya kushushia samaki) ya Mwanza, Ukerewe na Musoma wameniandikia kwa wingi kuhusu Migingo, kisiwa cha ziwa Victoria ambacho Kenya na Uganda zimekigombea kwa miaka mingi. Nimechagua maswali matano, na nimeyafupisha bila kubadilisha maana yake.

Ndugu mwandishi, mimi ni dalali wa samaki hapa Kirumba Mwaloni. Hicho kisiwa kina nini hata nchi mbili ndugu zipelekeane askari?

Ndugu yangu, ukikitazama chenyewe, hakina kitu. Migingo ni mwamba wenye ukubwa wa takriban mita za mraba 2,000. Uwanja wa mpira wa vipimo vya kawaida, wa mita 105 kwa 68, una zaidi ya mita za mraba 7,000, kwa hiyo kisiwa chote hakifikii theluthi moja ya eneo la kuchezea pale CCM Kirumba. Hakuna pa kulima wala pa kuchunga. Mwamba umefunikwa kwa vibanda vya mabati vilivyobanana kiasi kwamba ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na katikati yake watu wamebana maduka, baa na migahawa, huku mitumbwi ikiwa imeegeshwa kandokando. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu humo watu 131.

Thamani yake imo ndani ya maji. Mwamba huo uko karibu na kina kirefu anakopatikana sangara mkubwa, na mvuvi anayelala pale huokoa mafuta ya petroli na saa nyingi za safari ambazo mwenzake anayetoka nchi kavu huzipoteza. Wewe wa Kirumba huhitaji kuelezwa thamani ya sangara. Umeona mahali samaki wanapopasuliwa jinsi bondo, yaani kibofu cha hewa cha samaki, linavyotolewa kwa uangalifu, lisichanike, likawekwa pembeni peke yake kama kitu cha dukani, kwa sababu likishakaushwa husafirishwa hadi Asia na kilo yake huuzwa kwa bei ambayo minofu haiwezi kuifikia. Samaki huyo aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akaenea na kuwa biashara kubwa kuanzia miaka ya 1980, na kadiri alivyopungua karibu na fukwe ndivyo wavuvi walivyolazimika kumfuata mbali zaidi. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa, Uganda ina zaidi ya asilimia 40, na Tanzania tunayo karibu nusu. Mvuvi wa Kenya akielekea magharibi hachukui muda kabla hajaishiwa na maji ya nchi yake, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Wavuvi kutoka Kenya husema waliweka kambi pale mwaka 1991, wakati mwamba ukiwa na majani na ndege tu. Mwaka 2004 polisi wa Uganda walifika, wakapiga hema na kupandisha bendera, na wavuvi wakaanza kudaiwa kodi na vibali. Kufikia mwaka 2009 jambo hilo lilikuwa limepanda hadi kwa marais, na mjini Nairobi vijana wa Kibera waling'oa sehemu ya reli iendayo Uganda kwa hasira ya kisiwa ambacho wengi wao hawajawahi kukiona.

Mwalimu wa jiografia, Nansio: Wanafunzi wangu wananiuliza kisiwa ni cha nani kwa haki, nami sitaki kuwajibu kwa ushabiki. Je, ipo hati yoyote?

Ipo, Mwalimu, na nashauri uwachoree ubaoni, kwa sababu hati hiyo inaeleweka kuliko hotuba nyingi zilizotolewa juu yake.

Mpaka wa Kenya na Uganda ndani ya ziwa uliwekwa na Amri ya Baraza la Mfalme wa Uingereza ya mwaka 1926, wakati nchi zote mbili zilipokuwa chini ya mtawala mmoja. Amri hiyo inaanzia kwenye mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini, mahali palipo kusini kabisa mwa ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid. Kutoka hapo mstari unakwenda kaskazini moja kwa moja hadi kwenye ncha hiyo, kisha unaruka hadi ncha ya magharibi ya kisiwa cha Ilemba, halafu ya Kiringiti, halafu ya Mageta, na baadaye unageukia Sumba kuelekea mdomo wa mto Sio. Maelezo ya mpaka huo yameingizwa hata ndani ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Hakuna nchi iliyoleta hati nyingine ya kuipinga.

Sasa wachoree vijana Pyramid, wachore na Migingo juu yake kidogo, upande wa kaskazini, umbali wa takriban kilomita mbili. Mstari ukipita pale unapotakiwa kupita, Migingo inabaki mashariki yake, yaani upande wa Kenya, kwa umbali wa kama mita 510. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mwamba ni wa Kenya, na nalisema bila kusita. Rais Museveni mwenyewe alisema mwezi Mei 2009 kwamba mwamba ni wa Kenya lakini maji ni ya Uganda, na naamini hakuna kauli iliyoeleza ugomvi huu vizuri kuliko hiyo. Mita 510 ni safari ya dakika mbili tatu kwa mtumbwi wa injini. Mvuvi wa Migingo akiwasha injini na kuelekea magharibi kwenye kina, chai yake haijapoa ameshaingia Uganda.

Waambie pia kwamba ndani ya ziwa kumiliki kisiwa hakukupi maji yanayokizunguka. Baharini kisiwa hujipatia ukanda wake wa maili 12, kwa mujibu wa Mkataba wa Sheria ya Bahari, lakini mkataba huo hauhusu maziwa. Hapa kwetu maji yote yamegawanywa na mstari mmoja tu, ule wa hati. Ndiyo maana ushindi wa kumiliki Migingo, hata ukitangazwa kesho kwa ngoma na vigelegele, hautamwongezea mvuvi wa Kenya hata tone moja la maji. Timu ya pamoja ya wapimaji iliundwa mwaka 2009, lakini kazi yake haikufikia tamko la pamoja, na muda wote huo mvuvi ameendelea kulipia makosa ya mstari ambao hakuna aliyemwekea alama.

Mfanyabiashara wa dagaa, Musoma: Kaka, huo si ugomvi wa majirani? Sisi Watanzania unatuhusu nini?

Dada yangu, unatuhusu kwa jiografia kwanza. Ule mstari wa digrii 1 kusini ambako mpaka wao unaanzia ndio mpaka wetu. Migingo iko takriban kilomita 13 tu kaskazini mwake. Mstari huohuo ndio unaopita nchi kavu hadi Mutukula, na wazee wa Kagera wanakumbuka kilichotokea mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipouvuka na kudai kwamba ardhi hadi mto Kagera ni ya Uganda. Wale waliobeba magodoro na watoto wakavuka mto usiku hawahitaji kufundishwa kwamba mpaka ukichezewa unaua.

Unatuhusu kwa msimamo pia, na hapa sina budi kusema jambo lisilopendeza. Mwaka 1964 mjini Cairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulipeleka azimio hilo. Kwa azimio hilo, hati ya 1926 inashinda. Lakini katika ziwa Nyasa, Malawi wanashika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 unaouweka mpaka ufukweni kwetu, nasi tunadai mpaka upite katikati ya maji. Mimi naamini tuna hoja nzuri Nyasa, kwa sababu haielekei kwamba mtu wa Mbamba Bay achote maji ya kupikia katika nchi ya kigeni. Ila Mtanzania anayewacheka Wakenya na Waganda ajue kwamba barua kama hizi zinaandikwa pia Nkhata Bay, na sisi ndio tunaoulizwa humo.

Mwanafunzi wa sheria, Nyegezi: Kwa nini wasiende mahakamani yakaisha?

Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague haisikilizi kesi ya nchi mbili bila ridhaa yao. Sioni ridhaa hiyo ikija haraka: Oktoba 2021 mahakama hiyo ilitoa hukumu ya mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya, na Kenya, ambayo ilikuwa imekataa kushiriki vikao vya kusikiliza kesi, iliikataa na hukumu yenyewe.

Hata hivyo ningependa usome kwa makini kesi ya Botswana na Namibia kuhusu kisiwa cha mto Chobe, ambacho mmoja anakiita Sedudu na mwingine Kasikili. Nchi hizo zilikubaliana kwa maandishi kwenda mahakamani mwaka 1996, na Desemba 1999 kisiwa kikapewa Botswana. Wengi huishia hapo kusoma. Mahakama iliendelea kusema kwamba katika mikondo miwili inayokizunguka kisiwa hicho, raia na vyombo vya nchi zote mbili vitatendewa sawa. Ardhi ilipata mwenyewe, maji yakabaki njia ya wote. Hicho ndicho ningependa kukiona Migingo, na wala hakihitaji majaji. Mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ulitiwa saini Kisumu mwaka 1994 na nchi zote tatu, na makao yake yako Jinja. Pale pale panaweza kuandikwa makubaliano ya ukanda mdogo wa maji kuzunguka ule mwamba, wenye leseni moja inayotambuliwa na askari wa pande zote, wakati wapimaji wakimalizia kazi yao. Sangara havuki mpaka kwa pasipoti, na akiisha ataisha kwa wote.

Mzazi, Igombe: Mwanangu alikamatwa na askari wa nchi jirani, injini na nyavu zikachukuliwa. Anaapa hakujua kama amevuka. Tufanye nini siku nyingine?

Pole sana, mzee wangu. Namwamini mwanao. Usiku, upepo wa kusini ukiwa umesukuma nyavu kwa saa kadhaa, hakuna jicho linaloweza kuuona mpaka ndani ya maji.

Simu yake inaweza. Simu nyingi za kisasa huonyesha mahali ulipo hata pasipo mtandao, mradi ina programu ya ramani au dira. Atazame namba ya kusini, ile yenye herufi S, ikiwa imewekwa katika desimali. Ikisoma 1.05 au zaidi, yuko kwetu na bado ana nafasi ya kugeuza. Ikifika 1.01 anakaribia kilomita moja ya mwisho, na ikisoma 0.99 ameshavuka. Abebe leseni yake na hati ya usajili wa mtumbwi ndani ya mfuko usioingiza maji. Akikamatwa, asikimbie wala asibishane, aombe stakabadhi ya kila kitu kinachochukuliwa, nawe uwahi kutoa taarifa kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wenu na kwa ofisa uvuvi, ili ubalozi wetu Kampala au Nairobi upate habari mapema.

Na simu huzima. Kabla ya giza, mwanao asome namba hiyo pale anapotega, aiandike, kisha aanze kutega angalau kilomita kumi kusini mwa mstari, yaani pale inaposoma 1.09, ili upepo ukimsukuma usiku kucha bado apambazukiwe akiwa Tanzania.