Jibu: Kung'oa jino ukiwa unaogopa sindano ya ganzi

Pole dada. Umeuliza kama jino linaweza kung'olewa bila sindano ya ganzi kwa sababu ukiiona tu unazimia, na mara ya mwisho ulipochomwa moyo ulikwenda mbio. Bila ganzi usithubutu, utatoka na woga mara mbili. Mwambie daktari mapema, kabla hujakaa kwenye kiti. Kuna jeli ya ganzi, anaipaka kwenye ufizi kwa pamba, anasubiri dakika moja au mbili, ndipo anachoma. Mwombe asukume dawa polepole, maana ikisukumwa haraka ndiyo inauma.

Ule moyo kwenda mbio mara ya mwisho huenda ni adrenalini, dawa inayoharakisha mapigo ya moyo. Huchanganywa na lignokaini, yaani dawa yenyewe ya ganzi, ili ganzi idumu na damu isitoke sana, na moyo hutulia baada ya dakika chache. Mtajie daktari hata hivyo, hasa kama una presha ya kupanda.

Kuhusu kuzimia, omba kiti kilazwe. Kaza mapaja na ngumi kama sekunde 15, legeza, rudia, ila taya usilikaze. Presha ndiyo hushuka ukazimia, na kukaza huipandisha. Mimi nilikuwa naanguka hata nikitobolewa kidole kupimwa malaria, dume zima!