Kumzuia mtu asirudi jukwaani: tazama mruko wake kwanza

Ndugu yangu wa Nakuru, umeuliza kama ni heri kumfuata mpinzani nje ya jukwaa au kumngoja ukingoni, maana kwenye Super Smash Bros. Ultimate, ule mchezo wa video wa kupigana na kutupana nje ya jukwaa, unamtoa vizuri halafu anarudi. Mimi hucheza na binamu yangu hapa Kondele, Kisumu, karibu kila jioni, na jambo hilo lilinisumbua mwaka mzima. Kabla ya kuamua uende au ukae, tazama kama bado ana mruko wa pili, ule wa angani.

Binamu humtumia mhusika Ike, yule wa upanga, mimi Mario. Zamani nikimtoa namrukia mbio na kumchapa teke jepesi, nikidhani namsukumia shimoni. Kumbe namwokoa! Ukimpiga mtu aliye hewani, anarudishiwa lile pigo la kupandia juu, na kukwepa pia. Asichorudishiwa ni ule mruko. Ukishatumika umekwenda, mpaka akanyage chini au ashike ukingo.

Nililigundua hilo siku stima ilipopotea, tukacheza kwenye kioo cha Switch yenyewe, ile mashine ya mchezo, vichwa vimegusana. Nikaona Ike akitupwa nje anaruka palepale, kabla hata sijasogea. Ni hofu tu. Raundi iliyofuata nikasimama ukingoni. Akaruka. Nikamwacha ashuke kidogo, nikammwagia maji. Maji ya Mario hayaongezi hata asilimia 1 ya madhara, ila yanasukuma, na Ike akirusha upanga ili apande, anapanda karibu wima. Alikuwa amesogezwa mbali kidogo tu, akapanda sambamba na ukingo bila kuugusa, akaanguka. Binamu aliweka padi mezani, akanyamaza.

Usiige video za Melee, toleo la zamani la mchezo huu, la 2001. Kule ukiushika ukingo wewe, anayekuja hana pa kushika. Tangu matoleo ya 2014, anayefika baadaye ndiye anayemng'oa aliyetangulia, na Ultimate ni vivyo hivyo.

Kungoja nako kuna nafasi yake. Anaposhika ukingo kuna fremu 2, yaani picha mbili za mchezo, ambazo bado anapigika, na mchezo unakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo ukisubiri uone mkono wake umeshachelewa. Kadiria atafika lini, uwe umeshaachilia pigo linalofika chini ya ukingo.

Mpinzani akimtumia Little Mac, yule mhusika bondia, usimngoje, mfuate. Ardhini ni moto, angani hana kitu.

Siku hizi mmoja wetu akiutumia mruko, mwenzake anasema kwa sauti, "Umeisha." Jaribuni hivyo wiki moja, kisha uniambie huyo mpinzani wako anamtumia mhusika gani, nikueleze anarudi kwa njia gani.