Kuta za paneli: uliza kwanza nani atazifunga

SWALI: Mhandisi, nina ploti Kitengela na nataka kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Shemeji amenishauri nitumie paneli za EPS badala ya mawe ya Ndarugo, kazi iishe upesi. Fundi wangu amekataa katakata: ati ni nyumba ya maboksi, itawaka moto, na mwizi atapita ukutani kwa kisu. Nimsikilize nani? – Mama Baraka

JIBU: Mama Baraka, fundi wako anaizungumzia paneli ikiwa tupu. Hapo kweli ni povu jeupe kama lile linalofungiwa televisheni, likiwa katikati ya nyavu mbili za chuma. Huwa ukuta ikishapigwa plasta ya saruji pande zote mbili, kama sentimita 3 kila upande, ikashikana na wavu. Kisu hakipiti hapo.

Kuhusu moto, hofu yake ina msingi. Povu hulainika joto likifika karibu nyuzi 100, na likiungua hutoa moshi mweusi wenye sumu. Kinga yake ni plasta. Mimi nikikagua nyumba ya paneli huanzia kwenye soketi, juu ya fremu za milango, na pale ukuta unapokutana na paa, kwa kuwa huko ndiko mafundi huacha povu wazi. Usikubali hata tundu la kidole.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maungio. Mwaka 1968 jijini London, gesi ya jiko ililipuka katika ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, na kona nzima ya jengo ikaporomoka. Watu 4 walikufa. Paneli zile zilikuwa za zege, nzito kuliko zako, lakini hazikuwa zimefungwa pamoja sawasawa.

Kwako, nondo zichomoze kutoka kwenye msingi na paneli ifungwe nazo kwa waya. Kila kona ivishwe wavu wa ziada, na pembe za madirisha ziwekewe kipande cha mshazari, la sivyo plasta itapasuka papo hapo. Fundi wa umeme akikata wavu apitishe paipu, atie kiraka kabla ya plasta. Kuta zishikizwe kwa mbao mpaka plasta ishike. Upepo wa Kitengela mnaujua. Halafu plasta imwagiwe maji wiki nzima.

Msingi usiupunguze hata kidogo. Udongo mweusi wa huko huvimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, hata kuta ziwe nyepesi vipi.

Shemeji hajakosea kuhusu kasi, na kiwanda cha paneli cha Shirika la Nyumba kiko Mavoko, si mbali nanyi. Ila mwambie mkandarasi akupeleke kwenye nyumba ya paneli aliyoijenga mwenyewe, inayokaliwa, iliyokwisha kunyeshewa misimu kadhaa. Ongea na mwenye nyumba, tazama pembe za madirisha. Akikosa hata moja ya kukuonyesha, jenga kwa mawe na fundi wako.