Jibu: Pingili ya kiuno ya mama imeteleza, akubali kupasuliwa?

Pole na mama, dadangu. Pingili ya L4 (mfupa wa nne wa uti wa mgongo pale kiunoni) kutelezea mbele ni jambo la kawaida kwa kina mama waliopita miaka 50, na wengi hutulia kwa dawa na fiziotherapia. Upasuaji huja maumivu ya mguu, yanayoletwa na neva iliyobanwa kiunoni, yakikataa kuisha kwa miezi, au mguu ukianza kulegea. Daktari huondoa mfupa unaobana neva, kisha mara nyingi hufunga pingili mbili kwa skrubu na kupandikiza mfupa ili zishikane. Kama mama ni mtu wa tambuu na tumbaku (nyinyi wa Likoni nawajua!), aache mapema; nikotini huzuia mfupa kuunga.

Akishindwa kukojoa au akifa ganzi sehemu za siri, msingoje kuche. Vukeni feri usiku huohuo, mwende hospitali ya Coast General, Mombasa.