Kufungua data iliyobanwa bila kuiua seva: jibu kwa mwenye faili za gzip

Ndugu, nimesoma shida yako. Seva yenye memori ya gigabaiti 1 inapokea faili za gzip (faili zilizobanwa ili ziwe ndogo) kutoka madukani kila usiku, na skripti ya Python inazifungua kama gzip kwa zlib.decompress, amri ya maktaba ya zlib inayofungua faili nzima mara moja. Faili kubwa zikija, mchakato unauawa. Faili nyingine zinakataa kwa ujumbe wa "incorrect header check". Na kibaya kuliko yote, kuna siku mauzo yanatoka pungufu bila kosa lolote kuonekana. Wengine hapa wamekushauri uongeze memori. Usilipe hata shilingi kwanza. Kazi hii ndiyo ninayoifanya hapa Nairobi, rekodi za maduka ya Gikomba, Rongai na Kariobangi zikiingia usiku kucha, na naona shida zako zote tatu zina mzizi mmoja: unafungua faili nzima kwa mkupuo, na huangalii zlib imekujibu nini.

Nianze na memori, maana hapo ndipo penye utamu. Deflate, mfumo wa kubana ulio ndani ya gzip na zlib, aliobuni Phil Katz kwa ajili ya PKZIP, programu yake ya kubana faili, hubana data kwa kuacha maelekezo ya namna hii: rudi nyuma baiti 900, nakili baiti 40. Hairuhusiwi kurudi nyuma zaidi ya baiti 32,768, na nakala moja haizidi baiti 258. Kwa hiyo anayefungua hana haja ya kukumbuka faili nzima. Akishika kilobaiti 32 za mwisho alizotoa, pamoja na majedwali yake madogo, zinamtosha, faili iwe ya megabaiti 5 au gigabaiti 50. Jean-loup Gailly na Mark Adler walipoitoa zlib mwaka 1995 waliupanga mlango wake wa kuingilia kwa kufuata hilo, na mpaka leo sijaona mpangilio wa kazi hii unaoeleweka kuliko wao.

Ukiutazama katika lugha ya C, unakuta muundo uitwao z_stream. next_in inaonyesha data iliyobanwa ilipo, avail_in inasema zimebaki baiti ngapi. next_out ni mahali pa kumimina, avail_out ni nafasi iliyobaki. Unaita inflate, amri ya kufungua, inafanya kazi mpaka data iishe au nafasi ijae, kisha inakurudishia usukani. Ni kama muuza maji wa Kawangware: mtungi wa lita 20 ukijaa anafunga mfereji, anaweka mwingine, na hajali tangi lina maji kiasi gani. zlib.decompress unayotumia wewe inataka tangi lote liingie katika mtungi mmoja.

Na si faili kubwa tu za kuogopa. Deflate inaweza kubana mpaka karibu mara 1032. Faili ya megabaiti 1 iliyotengenezwa kwa nia mbaya, au hata logi iliyojaa sifuri tupu, inaweza kufumuka ikawa karibu gigabaiti 1, yaani memori yako yote. Usiamini pia ule ukubwa ulioandikwa mwishoni mwa faili ya gzip. Ni baiti 4 tu, kwa hiyo ukipita gigabaiti 4 unaanza kuhesabu upya.

Kuhusu "incorrect header check", hilo ni jepesi. Data ileile ya Deflate huja na vifuniko tofauti. Faili ikianza na baiti 1f 8b (kwa heksadesimali) ni gzip. Ikianza na 78 mara nyingi ni zlib. Isipokuwa na kifuniko ni Deflate tupu. Maktaba isipoambiwa itegemee kipi, hutegemea zlib; skripti yako imeiambia itegemee gzip tu, ndiyo maana zisizo gzip zinakataliwa. Namba ya wbits unayoipa zlib unapofungua ndiyo inayoamua: 15 ni zlib, 31 ni gzip, -15 ni Deflate tupu, na 47 inatambua yenyewe kati ya zlib na gzip. Tumia 47.

Sasa mauzo pungufu, na hapa ndipo ningekuomba utulie, kwa sababu ni pesa za watu. Kuna sababu mbili. Ya kwanza: gzip inaruhusu faili kadhaa kuunganishwa mkia kwa kichwa zikawa faili moja halali. Duka likibana rekodi kila saa na kuziongeza kwenye faili ileile, zlib hufika mwisho wa kipande cha kwanza, husema Z_STREAM_END (yaani mwisho wa data), na kusimama. Vilivyobaki, decompressobj (chombo cha zlib cha kufungua kidogokidogo) huviweka kwenye unused_data, lakini zlib.decompress huvitupa kimyakimya. Ya pili utaikuta ukianza kufungua kwa vipande: stima zikipotea katikati ya kutuma, faili hukatika, na decompressobj haitalalamika kamwe. Ni wewe unayepaswa kuuliza kama eof, alama ya mwisho wa data, imefika.

Hiki ndicho ninachokitumia:

import zlib

def fungua(f, n=65536):
    d = zlib.decompressobj(47)
    data = f.read(n)
    while data:
        yield d.decompress(data, n)
        if d.eof:
            data = d.unused_data or f.read(n)
            if data:
                d = zlib.decompressobj(47)
        else:
            data = d.unconsumed_tail or f.read(n)
    if not d.eof:
        raise EOFError("faili imekatika")

Ile n ya pili ndani ya decompress ndiyo kinga yako: haitatoa zaidi ya kilobaiti 64 kwa mara moja, na data iliyobanwa isiyotumika bado inabaki kwenye unconsumed_tail. Ukiisahau hiyo unconsumed_tail, utapoteza data. Weka pia kikomo cha jumla ya baiti unazokubali kwa kila duka.

Moduli ya gzip ya Python inashughulikia vipande vilivyounganishwa, na kama faili zako zote ni gzip, gzip.open na kusoma kidogokidogo kunatosha kabisa. Kwako naona zimechanganyika, ndiyo maana nimekupeleka kwenye zlib.

Rekodi ulizokwisha kuingiza, zipitishe upya zote kwa msimbo huu kabla ya kufunga hesabu za mwezi. Faili itakayotoa EOFError, liombe duka liitume tena. Na kama kuna inayokataa hata kwa 47, weka hapa baiti zake 4 za mwanzo tuzitazame.